Chupa Isiyo na Jina

Jumamosi ile asubuhi, mwanamke ninayempenda alikuwa na dawa kwenye friji, na mjukuu wangu alikuwa anazimika wodini, hatua hamsini kutoka kwenye friji hiyo. Nilizitembea hizo hatua mara nne kabla sijapata ujasiri wa kugonga mlango wake.

Mjukuu anaitwa Elieza. Alikuwa na siku kumi na moja duniani. Mama yake ni Joyness, mtoto wangu wa pekee, niliyebaki naye baada ya mke wangu kufariki miaka sita iliyopita. Jumatano Elieza aliacha kunyonya. Alhamisi mwili ukawa wa moto kama pasi. Ijumaa wakatuambia moyo wake umevimba kwa sababu ya kirusi kinachoitwa enterovairasi. Ndugu zangu walikuwa wanalisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimelisikia mwaka mzima, hata mezani, kutoka kinywani mwa Edda, huyo mwenye dawa kwenye friji.

Pale barazani dada yangu Jenifa, Mama Simon, alinishika mkono akanivuta pembeni. Wazazi wetu hawapo, yeye ndiye mkubwa wetu. Akisema hapana, ukoo mzima umesema hapana.

"Marseli, nikuulize. Huyu daktari unamwoa au humwoi?"

"Namwoa, dada."

"Kesho tunakwenda Dareda kwa baba yake kupeleka posa au hatuendi?"

"Tunakwenda, mtoto akipata nafuu."

"Basi nenda ukamwambie atoe dawa. Wanasema nusu ya watoto wanapewa dawa na nusu wanapewa sharubati. Mimi nimezaa saba. Sijawahi kusikia hospitali inampa mtoto mahututi sharubati."

"Ndivyo utafiti ulivyo."

"Utafiti ni wa panya. Huyu ni Elieza." Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya moshi kwenye khanga yake. "Joyness haweki sahihi kwenye ile karatasi ya utafiti mpaka mwanamke wako achague chupa kwa mkono wake mwenyewe. Na asipochagua, kesho Dareda utakwenda wewe na toroli lako la vyuma. Sisi hatuendi."

Nikagonga mlango.

Edda alikuwa amekaa nyuma ya meza, kalamu ameichomeka kwenye nywele kama kawaida yake. Macho yalikuwa mekundu. Aliponiona alisimama nusu, akakaa tena, kama mtu aliyesahau ana haki gani ya kunikumbatia mbele ya mafaili.

"Umekuja kama fundi au kama Marseli?"

"Nimekuja kama babu."

"Kaa basi."

"Sikai. Nipe chupa yenye dawa."

Hakushtuka. Alikuwa analisubiri ombi hilo. "Sijui ipi ina dawa."

"Edda, usinifanye mjinga. Niliishia darasa la tano lakini si mjinga. Dawa umeitengeneza wewe."

"Nimeitengeneza mimi. Chupa zimejazwa Arusha na watu wengine, zikabandikwa namba. Orodha ya namba anayo mtu mmoja yuko Dar es Salaam. Sijawahi kuiona."

"Mpigie simu."

"Hawezi kunitajia. Akinitajia, atafukuzwa kazi."

"Basi afukuzwe! Atapata kazi nyingine. Mimi Elieza mwingine nampata wapi?"

Aliinamisha uso. Halafu akaunyanyua na kunitazama moja kwa moja. Namna hiyo ya kutazama ndiyo iliyoniangusha mwaka jana, na sasa nilitamani asinitazame.

"Mwezi uliopita kulikuwa na mama mmoja kutoka Singe, mwanawe mahututi. Alipiga magoti hapo hapo uliposimama. Nilimwambia maneno haya haya. Nikikuchagulia wewe, Marseli, yule mama nitamwambia nini?"

"Mwambie hakuwa na mchumba daktari."

Nilisema hivyo. Sijivunii. Maneno yalipotoka nilimwona anarudi nyuma kwenye kiti kama mtu aliyepigwa kofi.

"Hayo umeyasema wewe?"

"Nimeyasema. Na kesho hatuendi Dareda."

"Mama Simon ndiye aliyesema?"

"Nasema mimi."

Nilingoja alie, au anifukuze. Badala yake alivuta karatasi ya ridhaa kutoka kwenye rundo, akanisogezea. "Mpelekee Joyness aisome tena. Akikataa ni haki yake, na matibabu mengine yote ataendelea kupewa. Lakini aamue leo. Kile kirusi hakitusubiri tugombane."

Nilitoka bila karatasi.

*

Niwaambie nilivyompata mwanamke huyu, ili muone ukubwa wa upumbavu nilioufanya baada ya hapo.

Mimi ni fundi wa friji. Kibanda changu kiko karibu na stendi. Mwaka jana waliniita hospitali, friji ya utafiti imekufa na ndani kuna sampuli. Nilimkuta mwanamke mrefu, mweusi, wa miaka arobaini na kitu, amevaa koti jeupe, amekalia ndoo iliyopinduliwa na kuzungukwa na maboksi ya barafu. Nikafungua mgongo wa friji. Hakuondoka. Alinishikia tochi saa mbili nzima, akiuliza kila kitu: gesi inapita wapi, hii shaba ni ya nini, kwa nini hapa pana ukungu. Watu wenye koti jeupe huwa wananiuliza swali moja tu, nalo ni nitamaliza saa ngapi.

Nami nikamuuliza friji yake inatunza nini.

"Vinyesi vya watoto wachanga," alisema, wala hakuona haya.

"Vya nini?"

"Kirusi changu kinapitia tumboni. Watoto wengi kinawapa homa na vidonda vya mdomoni, wanapona. Ila kikimpata aliyezaliwa juzi, kinaweza kuingia kwenye moyo, kwenye ini, mpaka kwenye ubongo. Kina undugu na polio. Polio ina chanjo. Hawa ndugu zake wengi hawana chanjo hapa kwetu, na dawa hawana kabisa."

"Na wewe unatafuta."

"Mwaka wa kumi na moja sasa." Akachukua boksi moja la barafu akaligonga kwa kidole. "Fikiria kirusi ni boksi dogo sana, limefungwa. Likifika kwenye mwili linafunguka, linamwaga uchafu wake ndani. Kwenye ukuta wake kuna kijitundu. Dawa yangu inaingia kwenye kijitundu kile inakaa. Boksi haliwezi kufunguka tena."

"Kama valvu iliyokwama," nikasema.

Alicheka mpaka tochi ikatikisika. "Ndiyo! Kazi yangu yote ni kukwamisha valvu. Mbona sijawahi kulifikiria hilo?"

Hii ya sasa ilikuwa dawa ya kumi na saba. Kumi na sita zilimshinda. Mwanamke aliyeshindwa mara kumi na sita, na bado asubuhi anaamka, ananawa uso na kwenda kujaribu ya kumi na saba. Nilipomaliza friji nilijikuta naipuliza vumbi polepole ili nisiondoke. Wiki iliyofuata nilirudi "kuangalia gesi." Na iliyofuata. Mwezi wa tatu akaniambia, "Fundi, friji ni nzima. Kama una shida nyingine, itaje." Nikaitaja.

Huyo ndiye niliyemwambia yale maneno.

*

Nilipotoka ofisini kwake sikurudi wodini. Nilikwenda kwenye toroli langu nikachukua boksi la vifaa, nikaelekea chumba cha dawa za utafiti. Mlinzi Muzamil alikuwa anakula karanga.

"Shikamoo, fundi. Imeharibika tena?"

"Marahaba. Inalia vibaya."

"Ingia, mzee wangu. Mjukuu anaendeleaje?"

"Tunamwombea."

Alinifungulia. Kijana yule aliniamini kwa sababu mwaka mzima nimeingia na kutoka mle bila kuchukua hata kizibo.

Friji niliijua kuliko kitanda changu. Nikafungua. Chupa zilikuwa zimepangwa kwenye trei, ndogo, za kahawia, kila moja na utepe juu ya kifuniko na namba ubavuni. Hakuna jina. Thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini. Nilizigeuza zote kwenye mwanga wa dirisha. Rangi moja. Uzito mmoja. Nikazitikisa, povu lile lile.

Ndipo likanijia wazo ambalo nililiona la akili sana. Dawa ni chungu. Sharubati ni tamu. Ulimi hauhitaji orodha ya Dar es Salaam.

Nikakata utepe wa kwanza, nikadondosha tone kwenye ulimi. Chungu! Chungu kama nyongo ya mbuzi. Machozi yalinitoka, na nilicheka peke yangu mle ndani. Chupa ya kwanza tu, na nimeipata! Niliifunika nikaitia kwenye mfuko wa ovaroli. Halafu, kama ninavyopima waya mara mbili, nikaona nihakikishe. Nikafungua ya pili.

Chungu.

Ya tatu. Chungu ile ile, mpaka mwisho wa koo.

"Zote ni chungu."

Edda alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwepo kwa muda gani. Mikono ilikuwa imelegea pembeni mwake.

"Tulihangaika miezi minne kuifanya ile sharubati iwe chungu sawasawa na dawa," alisema. "Nilijua iko siku atatokea mtu wa kuonja. Sikujua atakuwa wewe."

Nilitoa ile chupa mfukoni nikaiweka kwenye trei. Nina miaka arobaini na nane, na nilisimama pale kama mtoto aliyekutwa kwenye sufuria ya nyama.

"Edda..."

"Umefungua ngapi?"

"Tatu."

"Umefungua chupa za watoto watatu ambao hawajazaliwa."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejitetea. Nilikaa chini, pale pale sakafuni, mgongo nimeuegemeza kwenye friji, nikalia. Sikulia hivyo hata siku ya kumzika mke wangu, kwa sababu siku ile kulikuwa na watu.

Edda alifunga mlango, akaja kukaa sakafuni kando yangu. Koti lake jeupe liligusa vumbi. Tulisikiliza mota ikiunguruma.

"Nitakwambia kitu ambacho sijakwambia," alisema. "Dawa ya tisa. Tulikuwa na uhakika nayo. Hatukugawa nusu kwa nusu, tuliwapa watoto wote ishirini. Kumi na sita wakapona. Marseli, tulisherehekea. Mimi nilicheza muziki, na unajua siwezi kucheza."

"Najua."

"Halafu mzee mmoja pale kazini akauliza: na wale ambao hawakupewa, katika hospitali zingine, walipona wangapi? Tukaenda kutazama. Katika kila ishirini, kumi na saba." Alifuta pua kwa kiganja. "Dawa yangu haikufanya lolote. Walipona wenyewe, nami nikajisifu. Na wawili iliwaumiza ini. Mama zao walinishukuru, walinibusu mikono. Hicho ndicho kinachoniamsha usingizini."

"Kwa hiyo hutaki kujua."

"Nikijua, nitamwona aliyepewa dawa ana nafuu hata kama hana. Hii dawa ya kumi na saba naipenda kama mtoto wangu, nitaisingizia uzuri. Ndiyo maana nimejifunga macho mwenyewe."

"Na wewe unaamini inaponya?"

"Kwenye maabara inazuia. Kwa panya inazuia. Kwa mtoto wa siku kumi na moja, hilo ndilo swali. Ningekuwa na jibu, ningeshampa Elieza jana, na yule wa Singe mwezi uliopita, na wote." Akaugusa mlango wa friji. "Unadhani sikutamani? Tangu jana napita mbele ya friji hii. Nilitamani nimpe hata chupa zote. Lakini akidhurika kwa mkono wangu, kwa sababu babu yake nampenda, nitakutazama vipi?"

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa imekunjwa mara nne. "Nilikuwa naipeleka kwa kamati ya hospitali nilipokuona unaingia humu. Soma."

"Soma wewe. Unajua nasoma polepole."

"Nataka usome wewe."

Nikasoma. Nilifuata maneno kwa kidole, na kidole kilikuwa kinanuka ile dawa. Iliandikwa kwamba mgonjwa aliyelazwa Alhamisi, Elieza, ni mjukuu wa Marseli, fundi wa friji za hospitali, "mtu ninayetarajia kufunga naye ndoa." Kwa hiyo yeye Dokta Edda anaomba asiingie wodi ya mtoto huyo, asione vipimo vyake, wala asiulize habari zake mpaka utafiti uishe, na kamati iamue kama anafaa kuendelea kuwa kiongozi.

Nilirudi kwenye yale maneno matano nikayasoma tena. Tarehe ilikuwa ya leo.

"Umeandika hii saa ngapi?"

"Ulipotoka."

"Baada ya mimi kusema hatuendi Dareda?"

"Wewe ndiye uliyesema hatuendi. Mimi sikusema." Akanitazama. "Ilibidi niandike ukweli, na ukweli wangu ulikuwa haujabadilika."

Nimeambiwa maneno matamu maishani. Marehemu mke wangu alijua kusema. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniandika kwenye barua ya serikali, mimi na ovaroli langu, mbele ya maprofesa, siku ambayo nimemtukana.

"Wanaweza kukutoa?"

"Wanaweza."

"Miaka kumi na moja, Edda."

"Dawa itabaki. Ataimalizia mwingine." Kwenye neno "mwingine" aliichukua barua mikononi mwangu. Kisha akachomoa kalamu kwenye nywele. "Sasa naongeza aya nyingine. Chupa tatu zimefunguliwa na Marseli, saa nne na nusu asubuhi. Na mimi nitasema nilikukuta. Utaweka sahihi?"

"Watanifukuza hapa."

"Watakufukuza."

"Na Muzamil?"

"Andika kwamba ulimdanganya."

Niliandika. Niliandika kwa herufi kubwa kubwa, kama nilivyofundishwa darasa la tano, kwamba nimemdanganya mlinzi na kosa ni langu. Edda alingoja bila kuniharakisha. Nilipomaliza aliushika mkono wangu ule unaonuka, akauweka shavuni kwake, mara moja tu. Akainuka, akajipangusa vumbi.

"Kuanzia sasa siruhusiwi kukuuliza habari zake," alisema. "Usiniambie hata nikikuomba."

*

Wodini walikuwa wananisubiri. Joyness alikuwa amekaa kando ya kitanda kidogo, maziwa yamelowesha blauzi yake na mwenye kuyanyonya hana nguvu. Elieza alikuwa wa rangi ya majivu. Kifua kilipanda na kushuka haraka haraka. Muuguzi Evelyne alikuwa anarekebisha dripu.

"Haya," Jenifa alisema. "Amechagua?"

"Hakuchagua. Hajui. Nimehakikisha mwenyewe."

"Umehakikishaje?"

"Nimefungua chupa tatu nikaonja, dada. Wamenikuta. Nimeweka sahihi kosa langu."

Evelyne aliachia dripu akanikodolea macho. Jenifa alikaa kwenye stuli kwa kishindo. "Bwana Yesu. Ndugu yangu amekuwa mwizi."

"Baba," Joyness akasema. Tangu Ijumaa hakuwa amesema sana. "Niambie mimi. Achana na shangazi kidogo. Ile karatasi ina nini?"

Nilichuchumaa mbele yake. "Ukiweka sahihi, Evelyne anachukua chupa inayofuata kwenye mstari. Inaweza kuwa dawa. Inaweza kuwa sharubati chungu. Hata ikiwa ni dawa, inaweza isimsaidie, na inaweza kumletea madhara, ndiyo maana watampima damu kila siku. Usipoweka sahihi, dripu na hewa na mengine yote yanaendelea vile vile. Hakuna atakayekununia."

"Wewe ungeweka?"

"Ningeweka."

"Kwa sababu unampenda Daktari Edda?"

Jenifa aliguna. Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu binti yangu alistahili jibu.

"Kwa sababu nimemwomba anidanganye na amekataa. Nimemwomba aibe na amekataa. Nimemtukana, na bado amekuwa mkweli kwangu. Mtu kama huyo akisema wanamwangalia mtoto wako kwa macho yote, mimi nalala."

Joyness alimgusa mwanawe kifuani. Kisha akanyoosha mkono, na Evelyne akampa karatasi na kalamu.

Saa saba mchana Elieza alidondoshewa tone la kwanza kwenye pembe ya mdomo. Alikunja uso wote, akapiga chafya. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kufanya kitu kwa nguvu.

*

Dareda hatukwenda. Jumapili, Jumatatu, Jumanne tulikaa pale. Mimi nilipewa barua ya kusimamishwa kazi za hospitali, nikaikunja. Kamati ilikaa Jumatatu. Evelyne akatunong'oneza kwamba mzee mmoja wa kamati alisema mtu anayejishitaki mwenyewe ndiye wa kuachiwa friji. Wakambakiza Edda, ila kwa mtoto huyu mmoja wakamweka daktari mwingine.

Edda hakukanyaga wodini. Lakini kila jioni saa kumi alikuja mpaka kwenye kamba za kuanikia nguo, nyuma ya jengo, ambako Jenifa alikuwa akianika nepi alizokwisha kuziloweka kwa klorini. Alisimama upande wa pili wa uzio, kwenye jua, Mlima Kwaraa ukiwa nyuma yake. Nami nilitoka.

"Umekula?" aliniuliza.

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula."

Wote wawili tulikuwa tunaongopa. Tulitazamana tu. Alikuwa anausoma uso wangu, na mimi nilijua anausoma, kwa hiyo nilijitahidi kuufanya kama ukuta. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kumfanyia mwanamke. Jumanne uso ulinishinda. Elieza alikuwa ameshinda vibaya. Edda aliona, akashika waya wa uzio kwa vidole vyote, akageuka akaondoka bila kuuliza.

Jenifa aliona yote hayo kutoka nyuma ya nepi.

"Hakuuliza," aliniambia.

"Amekatazwa."

"Amekatazwa na nani? Mbona hakuna mtu hapa?"

"Amejikataza mwenyewe."

Dada yangu aliendelea kukamua nepi ambayo haikuwa na maji tena.

Jumatano alfajiri homa ilishuka. Saa tatu Elieza alipiga kelele, kelele za hasira kabisa, za mtu anayedai chake. Joyness akamweka kifuani. Alihangaika, akakosa, akapata. Akavuta. Wodi nzima ikanyamaza tukisikiliza mtoto mmoja anavyomeza. Akina mama wa vitanda vingine walianza kupiga vigelegele, Evelyne akawanyamazisha huku analia.

Dawa au sharubati? Sijui. Mpaka leo ninapoandika haya sijui, na orodha bado imefungwa kule Dar es Salaam. Kuna siku nikimwona Elieza ananyonya kidole nataka kujua mpaka kichwa kinauma. Halafu nakumbuka yupo mtu anayetaka kujua kuliko mimi, na ana miaka kumi na miwili sasa ya kutaka.

Ijumaa tuliruhusiwa kutoka wodini. Edda alikuja kwenye kamba za nguo saa kumi kama kawaida. Safari hii Jenifa alinitangulia. Alikwenda mpaka kwenye uzio akiwa amembeba Elieza, chupa ya uji ikining'inia kwenye mkono mwingine, nami nikimfuata na vikombe.

"Shikamoo, Mama Simon," Edda akasema, akarudi hatua moja nyuma.

"Marahaba. Unakimbilia wapi? Mtoto huyu hapa, mtazame. Ananyonya kama ndama. Shika."

Nilimwona Edda. Mikono yake ilianza kunyooka yenyewe, halafu akairudisha, akaificha nyuma ya mgongo. Macho yalijaa.

"Siwezi, mama. Utafiti wake haujaisha. Nikimshika nitaanza kumpima kwa mikono. Nitamshika siku ukiisha."

Jenifa alimkodolea macho. Akanigeukia mimi, akamgeukia tena yeye. Nilidhani ndiyo mwisho.

"Marseli," akasema, "huyu mwanamke ni mgumu kama mwamba wa Kwaraa."

"Ndiyo, dada."

"Na Jumapili tukifika kwa baba yake, nitamwambia hivyo hivyo." Akaninyang'anya kikombe kimoja, akakijaza uji mpaka juu, akakipitisha juu ya waya wa uzio. "Haya, basi shika kikombe, wifi. Kikombe nacho kina utafiti?"

Edda alikipokea kwa mikono miwili. Uji ulikuwa wa moto, na yeye alikuwa anacheka na kulia, kwa hiyo mwingi ulimwagikia koti jeupe. Dada yangu alisema hajawahi kuona daktari asiyejua kunywa uji, akamwongeza mwingine.